Uzi: MX-5 yangu iligoma kukata kona kwenye otokrosi. Nilichokikuta chini ya gari, na mambo ya kufanya kabla hujanunua kifaa chochote

KonaKali (mtoa uzi)

Habari za leo wakuu.

Niko Ohio huku Marekani, na huu ni msimu wangu wa tatu nacheza otokrosi na Mazda MX-5 ya 1999, wenyewe huku wanaiita Miata. Kigari cha watu wawili, paa la turubai, injini ya 1.8 yenye farasi 140, inasukuma kwa nyuma, uzito kama kilo 1,040 tu. Nimeona watu wengi humu wanaongelea kutuna gari na karibu wote wanaanzia kwenye injini, sasa nataka tuongelee kitu kingine kabisa, namna gari inavyoshika lami kwenye kona.

Kwa asiyejua, otokrosi ya huku mnapata eneo kubwa la lami, mara nyingi parking ya uwanja wa michezo au kiwanja cha ndege cha zamani, mnapanga koni, halafu mnaingia mmoja mmoja mnashindana na saa. Mzunguko mmoja ni kama dakika moja hivi au pungufu. Ukigonga koni unaongezewa sekunde 2, ukikosa geti raundi hiyo haihesabiki. Spidi siyo kubwa, gia ya pili ndo inafanya karibu kazi yote, ila kona hazikupi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Kwa siku unapata raundi nne, tano, na muda mwingine wote umesimama juani unawaokotea wenzako koni. Chama kikubwa kinachosimamia ni SCCA, kipo tangu 1944, na fainali zao za taifa kwa miaka mingi zimekuwa zikifanyika Lincoln, Nebraska.

Sasa msimu wa kwanza gari yangu ilikuwa inanitesa. Unaingia kona, unakata usukani, pua inakwenda moja kwa moja kama vile hujakata. Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, nikanunua springi fupi za bei rahisi nikaishusha gari kama sentimita 5. Aisee ilipendeza sana kwa macho. Kwenye koni ikawa mbaya kuliko mwanzo, tena sasa ikaongeza tabia mpya, katikati ya kona mkia unachomoka ghafla bila taarifa. Muda wangu uliongezeka karibu sekunde nzima ukilinganisha na madereva wale wale na hali ya hewa ile ile.

Kuna mzee mmoja tunakimbia naye, ana miaka sabini na kitu, hakunipa mhadhara. Alilala chini ya gari yangu na vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, akafunga kimoja kimoja kwenye fimbo ya kila shokapu, akakisukuma chini kabisa mpaka kikagusa mwili wa shokapu. Akaniambia nenda kimbia raundi moja urudi. Niliporudi tukalala wote wawili chini tukaangalia. Kwenye shokapu zote nne kile kikamba kilikuwa kimesukumwa juu mpaka kikapondwa kwenye ile raba ya kugotea. Na raba yenyewe za nyuma zilikuwa zimeshakuwa unga, ukigusa zinabaki kwenye vidole.

Maana yake gari yangu ilikuwa haina sasipensheni kwenye kona. Springi ilikuwa inafika mwisho, shokapu inagota, na ikishagota ule upande unakuwa mgumu kama chuma juu ya chuma, tairi inabebeshwa mzigo wote kwa mkupuo mmoja na inaachia. Ndo ule mkia kuchomoka.

Nikarudisha springi za kiwandani, nikaweka raba mpya na shokapu za Bilstein. Hapo ndo nilianza kujifunza upya, nitaendelea chini maana ni mrefu.

Mjukuu_wa_Kitonga

Mkuu nafuatilia. Ila mimi nauliza kwa uelewa mdogo, kwani gari ikiwa chini si ndo inatulia zaidi? Magari ya mashindano yote naona yako chini.

KonaKali

Swali zuri sana kaka. Kushusha kunasaidia kweli, uzito unakuwa karibu na ardhi na gari haihamishi mzigo mwingi kwenda tairi za nje ikikata. Lakini magari ya mashindano yanashushwa na springi ngumu zaidi na shokapu fupi zilizotengenezwa kwa urefu ule, kwahiyo bado zinabaki na nafasi ya kucheza. Mimi niliondoa nafasi ya kucheza bila kuongeza ugumu wa kutosha. MX-5 ya aina yangu toka kiwandani haina nafasi kubwa kwenye shokapu, ukitoa sentimita 5 umeshamaliza karibu zote.

Naendelea. Ukiacha shokapu, mambo matatu ndo yalinipa muda wangu wote: tairi, upepo, na alaimenti. Na nayasema kwa mpangilio huo makusudi.

Tairi. Gari nzima imesimama juu ya viganja vinne, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja cha mkono wako. Stabilaiza (kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari isilale sana kwenye kona), shokapu, springi, vyote kazi yake ni kuvisaidia vile viganja vinne vibaki vimelala sawasawa kwenye lami. Kama raba yenyewe ni ngumu, huwezi kuirekebisha na kitu kingine. Kwenye kundi ninalokimbia sheria inataka tairi zenye namba ya kuchakaa 200 kwenda juu, ile namba iko imeandikwa ubavuni, na watu wanaotaka kushinda wanatumia Bridgestone RE-71RS au Yokohama A052. Nilivyotoka kwenye tairi za kawaida za safari nikaenda kwenye hizi nilipata zaidi ya sekunde 2 kwa siku moja, hakuna kifaa kingine kimewahi kunipa hata nusu yake. Yokohama inashika mapema sana ila ikipata moto inachoka, ndo maana utaona watu wanazimwagia maji kati ya raundi na raundi, hasa gari ikiwa na madereva wawili.

Upepo. Huu ni bure na ndo unaopuuzwa kuliko vyote. Chukua chaki ya kawaida ya shuleni, chora mistari mitatu kwenye bega la kila tairi, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu, mistari ishuke mpaka ubavuni. Kimbia raundi. Rudi uangalie chaki imefutika mpaka wapi. Tairi nyingi zina kialama kidogo cha pembetatu kwenye bega, unataka chaki ifutike mpaka karibu na hapo. Ikifutika kupita hapo na kushuka ubavuni, tairi inajikunja, ongeza upepo. Ikibaki hata sehemu ya uso haijaguswa, umejaza sana, toa psi 1 au 2. Mimi niliambiwa na watu wa gereji nijaze 40 kwa sababu "gari ya mbio inataka upepo mwingi", nikaja kukuta gari yangu nyepesi inataka 28 mbele na 27 nyuma. Gari nzito itataka zaidi. Na upime zikiwa za moto, umetoka kwenye raundi, kwa sababu asubuhi na saa nane mchana ni namba mbili tofauti kabisa.

TurboNdoDawa

Mkuu kwa heshima zote, farasi 140? Weka turbo hapo, hizo sekunde mbili unazipata kwenye mnyooko bila kuhangaika na chaki.

KonaKali

Mkuu mnyooko mrefu kuliko wote niliokimbia mwaka huu ni kama sekunde 4 hivi. Muda uliobaki wote uko kwenye kona au unajiandaa kwa kona. Halafu nguvu ikiongezeka tairi ya nyuma ya ndani inaanza kuzunguka bure ukitoka kona, unachoma raba na huendi popote. Na jambo la pili, ukiweka turbo unahamishwa kundi, unakutana na magari yaliyochongwa kweli kweli. Kundi langu wanaruhusu shokapu zozote, stabilaiza moja tu ubadilishe, ya mbele au ya nyuma, springi zibaki za kiwandani, rimu upana ubaki ule ule na kipenyo unaweza kucheza inchi 1 juu au chini. Ndo uzuri wake, mwenye hela na asiye na hela wanabaki karibu.

Murram254

Sasa wasee, mimi niko Nairobi na huku otokrosi yetu ni kitu tofauti kabisa, tunakimbia kwa murram, yaani barabara ya udongo. Kuna championship ya taifa chini ya KMSF, shirikisho la michezo ya magari Kenya, kuanzia watoto wa Bambino na Peewee mpaka 4WD Turbo. Nimesoma hii thread nikaona niseme kitu kwa sababu mtu wa huku akifuata hii setup neno kwa neno atavunja gari. Kwa vumbi haushushi gari, unainua. Unataka springi laini kiasi na shokapu ndefu yenye inaweza kumeza shimo, kwa sababu baada ya magari kumi track inakuwa na mitaro. Stabilaiza watu wengine hata wanatoa kabisa ya nyuma ndio kila gurudumu lijitafutie ardhi lenyewe. Na gari lazima iteleze, ukingoja ishike kama iko kwa lami utangoja sana, unaitupa mkia mapema kabla kona ndio pua iangalie exit.

Lakini hiyo ya kikamba kwa shokapu, hiyo nimeiba. Mimi niko na Impreza na nimekuwa nikisikia ikigonga nyuma upande wa kulia miezi miwili, nikadhani ni bushi.

KonaKali

Asante sana kaka Murram, umenena jambo la maana na ningependa wasomaji walishike, niliyoandika ni ya lami. Hiyo ya kutoa stabilaiza ina mantiki ile ile ila matokeo tofauti. Kwenye lami mimi nimeweka stabilaiza nene mbele, na watu wanashangaa, wanasema stabilaiza ngumu mbele inafanya pua igome zaidi. Kwenye kitabu ni kweli. Lakini MX-5 yenye springi laini ikilala sana, tairi ya nje ya mbele inapinda na kusimamia bega lake. Ukizuia ule ulalaji, tairi inabaki imelala vizuri na pua inashika zaidi kuliko mwanzo. Faida ya pili, tairi ya nyuma ya ndani inabaki chini, kwahiyo ukikanyaga mafuta kutoka kona gari inaenda. Ukiweka nene nyuma ile tairi ya ndani inanyanyuka, na kama difu yako ni ya kawaida nguvu yote inakimbilia kwenye tairi iliyo hewani.

BintiAltezza

Shikamooni wakubwa wote humu. Mimi niko Dar, nina Altezza RS200 manual, na kuna kundi letu la watu kama kumi na mbili, tumepata yadi ya mtu kwa ruhusa yake, Jumapili asubuhi tunapanga koni. Siyo mashindano rasmi ila tunapima muda na helmeti ni lazima. Kaka KonaKali tatizo langu ni kama lako la mwanzo, pua inakataa kona za kushoto tu. Za kulia inakata vizuri. Nimeshauriwa niweke coilover (springi na shokapu za pamoja zinazorekebishika urefu), ndo nikakutana na uzi huu kabla sijatoa hela. Na hiyo alaimenti hujaielezea.

KonaKali

Marahaba dada. Tafadhali usitoe hela bado. Gari ikigoma upande mmoja tu, mara nyingi kuna kitu kimechakaa au alaimenti imehama upande mmoja, coilover haitaponya hilo, itaficha tu.

Kona ya kushoto mzigo unakwenda tairi za kulia. Kwahiyo anza mbele kulia. Jeki gari, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise, halafu mtu mwingine aangalie boljoint ya chini wakati unatikisa. Altezza zinajulikana kwa boljoint za chini kuchoka, na hilo siyo suala la muda tu, ikichomoka ukiwa kwenye mwendo tairi inalala. Angalia na bushi za amu kwa tochi, tafuta mpasuko. Halafu soma namba nne za mwisho kwenye ile kodi (code) inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri tu huku raba imeshakuwa ngumu kama kwato.

Alaimenti sasa. Tairi ikikata kona inataka kulalia bega la nje, kwahiyo unailaza kidogo kwa ndani ikiwa imesimama ili ikikata isimame wima. Huo ulalaji ndo kemba hasi. Mimi mbele nimeweza kupata digrii 1.4 kwa springi za kiwandani, natamani hata 2 ila haifiki. Mwelekeo wa tairi za mbele nimeweka sifuri, nyuma zinaangaliana kidogo sana kwa ndani ili mkia utulie.

Kupata hayo ilinichukua siku mbili nzima. MX-5 ina bolti za kurekebishia kwenye amu za chini za kila tairi, zina kichwa chenye vialama kama vya saa, unazungusha amu inasogea. Tatizo huku kipindi cha baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na ile chumvi inakula chuma. Sehemu ya kwanza niliyopeleka gari walizungusha nati tu, bolti haikusogea hata nywele, wakanipa karatasi yenye namba nzuri na hela wakachukua. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeweka alama ya rangi kwenye kila bolti kabla sijapeleka, na alama zote zilikuwa pale pale. Ikabidi nizipulizie mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni, niwashe moto kwenye bushi, nigonge, nirudie. Ya nne ilikatika, nikanunua mpya. Nawaomba sana, wekeni alama za rangi kabla ya kumpa mtu gari.

Na ukienda kwenye alaimenti, kaa ndani ya gari kwenye kiti chako wakati wanapima. Wanakataa, wabembeleze, au weka magunia ya unga yenye uzito wako. Kwenye gari ya kilo 1,040 kuna tofauti ya kuonekana kwenye mashine dereva akikaa, niliiona kwa macho yangu namba zinahama.

Mjukuu_wa_Kitonga

Aisee hiyo ya rangi kwenye bolti. Naenda kufanya kwenye gari ya kazini kabisa.

Mkuu na upande wa dereva je? Maana umeongelea chuma tu.

KonaKali

Nilitaka kuuacha kwa uzi mwingine ila nitagusa kidogo. Tembea njia kwa miguu mara tatu kabla ya kukimbia. Mara ya kwanza uijue tu, ya pili chuchumaa kwenye kila koni muhimu uone kwa urefu wa macho ya dereva, ya tatu tembea ile njia halisi utakayopita na gari. Ukiwa ndani macho yawe koni mbili mbele. Ukiangalia koni iliyo mbele ya pua umeshachelewa, na kwenye koni za nyoka ukichelewa ya kwanza utachelewa zote mpaka mwisho, kila moja zaidi ya iliyotangulia.

Na hii ndo ilinichukua muda kuliko zote: pua ikigoma, mkono unataka kukata zaidi. Usikate. Tairi ikishapita kiwango chake, kuongeza usukani ni kuisugua tu, inapata moto na inazidi kupoteza mshiko. Rudisha usukani kiduchu, toa mguu kwenye mafuta, subiri. Utaisikia mikononi, usukani unaokuwa mwepesi ghafla unarudi kuwa mzito, hapo imeshika. Siku niliyoanza kuusikia ule uzito unarudi nilishuka kutoka 52.8 mpaka 51.3 bila kugusa chochote kwenye gari.

TurboNdoDawa

Mkuu nimekuelewa, hasa hiyo sekunde 4. Nilikuwa nafikiria barabara. Wikiendi hii nitaanza na chaki.

KonaKali

Karibu sana mkuu. Ila fanyia kwenye eneo lililofungwa, barabara ina watoto na bodaboda. Na kabla hujaingia kaza nati za rimu, hakikisha betri imefungwa vizuri, toa kila kitu kilichoko kwenye sakafu. Chupa ya maji ikibingirika chini ya pedeli ya breki huna pa kwenda.

Murram254

Update ya Impreza. Nimefunga vikamba zote nne, nikaenda kwa track. Nyuma kulia imegonga mpaka juu, zingine tatu ziko na nafasi. Nimefungua, shokapu imevuja mafuta yote, fimbo inaingia kwa mkono mmoja bila nguvu. Miezi miwili nimekuwa nikilaumu bushi. Nabadilisha zote mbili za nyuma. Asante KonaKali, na msalimie huyo mzee.

BintiAltezza

Nimerudi na majibu baada ya wiki tatu. Mbele kulia boljoint ya chini ilikuwa na mchezo, fundi alivyotikisa nikaona kwa macho yangu, nimeishiwa nguvu maana nimetoka nayo Morogoro mwezi uliopita. Tairi kodi inasoma 2214, yaani wiki ya 22 ya 2014. Nimebadilisha boljoint zote mbili za chini, tairi nne mpya, alaimenti nimekaa ndani ya gari wakanishangaa lakini walikubali. Bolti zilipakwa rangi ya kucha nyekundu, zote zimesogea.

Jumapili ile ile yadi, koni zile zile: nilikuwa 41.6, sasa 39.8. Kona za kushoto inaingia. Coilover sijanunua.

Swali moja limebaki kaka. Nimeanza na psi 35 zote, nimechora chaki. Mbele kushoto imefutika mpaka kwenye pembetatu, safi kabisa. Mbele kulia imepita, imeshuka ubavuni kama upana wa kidole. Niongeze upepo kulia peke yake?

KonaKali

Dada hongera sana, tena sana, na nashukuru Mungu hiyo boljoint imeonekana ukiwa gereji.

Usiongeze bado. Huko usukani uko kulia, kwahiyo uzito wako umekaa upande ule. Na nadhani njia yenu ina kona nyingi za kushoto, ambazo zinabebesha tairi ya kulia. Jumapili ijayo zikimbieni koni hizo hizo kinyumenyume, mwisho uwe mwanzo, upepo usiuguse. Chaki ikihamia kushoto, ilikuwa ni njia, acha zote sawa. Ikibaki kulia, ongeza psi 2 kulia uchore tena.

BintiAltezza

Tuna kona tano za kushoto na mbili za kulia, nimezihesabu sasa hivi kwenye video. Sawa kaka, tunageuza.